Unyago Si Ibada ya Miungu, Wala Si Bidhaa

Hivi karibuni tuliletewa hapa ofisini karatasi ya kuwatangazia wageni matembezi ya mashamba. Baada ya viungo, kobe na machweo ya jua, karatasi hiyo iliwaahidi wageni jioni moja ya kushuhudia unyago, ikiueleza kuwa ni ibada ya kale ya mungu wa kike wa Waswahili. Wiki hiyo hiyo, baada ya sala ya Ijumaa, tulimsikia mhadhiri mmoja akisema kuwa unyago ni ushirikina, na kwamba mama anayempeleka binti yake kwa kungwi amerejea katika zama za ujahili. Watu wawili hawa hawajuani, na pengine wakikutana hawataamkiana. Hata hivyo wamekubaliana katika jambo moja, nalo ni kosa: wote wawili wanadhani kuwa unyago ni ibada. Mmoja anataka kuuuza, na wa pili anataka kuuzika. Wala hatukusikia kuwa yeyote kati yao amewauliza makungwi.

Hatukatai kuwa duniani wamepata kuabudiwa miungu wa kike. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia skuli ya Serikali tulifundishwa mapema habari za Lata, Uzza na Manata, walioabudiwa na Waarabu kabla ya Uislamu na ambao Kurani imewataja kwa majina ili kuwakanusha. Kabla yao, katika nchi ambayo leo ni Iraki, watu wa Sumeri walimwabudu Inanna, waliyemwita mungu wa mapenzi na wa vita. Yapata mwaka 2300 kabla ya Kristo, Enheduanna, binti wa Mfalme Sargon wa Akkad, alikuwa kuhani mkuu katika mji wa Ur, na jina lake limehusishwa na tungo za kumsifu Inanna huyo. Kwa watu wale, mapenzi ya mume na mke, mavuno ya shamba na baraka ya kiti cha mfalme vilikuwa jambo moja mbele ya mungu wao. Hiyo ilikuwa ibada kamili: ilikuwa na hekalu, kuhani, sadaka na dua.

Lakini historia hiyo ina funzo jingine. Katika karne ya tano kabla ya Kristo, Mgiriki Herodotus aliandika kuwa kila mwanamke wa Babeli alilazimika, mara moja katika maisha yake, kukaa katika hekalu la mungu wa mapenzi na kujitoa kwa mgeni atakayemtupia fedha. Watu waliisadiki habari hiyo kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na ikapita kutoka kitabu hadi kitabu. Katika zama zetu wataalamu wameichunguza upya, na mmoja wao, Stephanie Budin, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuwa desturi hiyo haina ushahidi wa kuaminika. Mgeni alisimulia mambo ya wanawake wa nchi nyingine, na wanawake wa nchi hiyo wakabaki na aibu ambayo hawakuitenda. Tukiiacha karatasi ile ya matembezi ienee, makungwi wetu nao watapata Herodotus wao.

Wapo pia wageni wanaofika hapa kwa nia njema. Tangu miaka ya 1970, katika Marekani na Uingereza, wanawake wengi wameanzisha vikundi vya kumtukuza mungu wa kike. Vitabu kama kile cha Merlin Stone cha mwaka 1976 na kile cha Starhawk cha mwaka 1979 viliieneza fikra hiyo. Wanawake hao wamechoka kuambiwa kuwa mwili wa mwanamke ni mlango wa dhambi, na katika jambo hilo hatuwezi kuwalaumu. Lakini kiu yao isiwafanye wakamwone kungwi wa Makunduchi au wa Ng'ambo kuwa ni kuhani wa mungu asiyemjua. Kungwi huyo huswali swala tano, na Ramadhani hufunga kama jirani zake.

Basi unyago ni nini? Yako mambo ambayo sisi wanaume hatuambiwi, na ni haki tusiambiwe. Lakini tuliwaendea mama zetu tukawaomba watueleze yale yanayoweza kusemwa, nao wakatueleza. Msichana akivunja ungo huwekwa mikononi mwa kungwi, ambaye huwa somo yake kwa maisha yote. Hufundishwa hedhi na usafi wake, heshima kwa wakubwa, namna ya kuitunza nyumba, na, ukifika wakati wake, mambo ya chumbani. Mafunzo hayo hutolewa kwa ngoma, kwa nyimbo na kwa mizungu, yaani mafumbo ambayo mwari hana budi kuyajua. Mwari huambiwa kuwa mwili wake una thamani, kwamba si kitu cha kuonewa haya wala cha kuchezewa, na kwamba starehe ya ndoa ni haki ya wawili. Hakuna sanamu inayosujudiwa, wala mungu anayeombwa badala ya Mwenyezi Mungu. Kama unyago una utukufu, utukufu wenyewe umo katika kumheshimu mwanamke kama alivyoumbwa.

Inafaa pia tukumbuke ulikotoka. Unyago wa Unguja uliletwa kwa sehemu kubwa na wanawake wa bara, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, waliotekwa na kuvushwa bahari. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na sheria ya kuondoa utumwa ikaja mwaka 1897. Wanawake hao walinyang'anywa majina, ndugu na nchi, lakini elimu hii haikuweza kunyang'anywa. Waliwafundisha mabinti zao, na baadaye mabinti wa nyumba nyingine visiwani nao wakachezwa. Anayeudharau unyago leo anadharau mali pekee ambayo bibi zetu walivuka nayo bahari.

Kwa yule mhadhiri tunasema kwa heshima: dini yetu haikuona haya kulisema jambo hili. Sisi wavulana tulisoma katika Safina kuwa hedhi kwa uchache ni usiku na mchana, na kwa wingi ni siku kumi na tano, na hapana aliyesema kuwa mwalimu wetu amekosa adabu. Ummu Sulaym alimuuliza Mtume (S.A.W.) mbele ya watu juu ya ndoto za mwanamke, naye akajibiwa bila ya kukemewa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihyaa kuwa mume akishatimiza haja yake amsubiri mkewe naye atimize yake. Ikiwa mwanachuoni huyo aliona inafaa kulisema hilo kwa wanaume, kwa nini iwe haramu kwa kungwi kulisema kwa mwari?

Hatusemi kuwa kila lifundishwalo ni jema. Likiwapo funzo la kumtaka mke avumilie kipigo, funzo hilo liondolewe, na makungwi wawe wa mbele kuliondoa. Wala kuchezwa si ruhusa ya kuozwa. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 imesema kuwa aliye chini ya umri wa miaka 18 ni mtoto. Mzazi anayemtoa binti yake skuli kwa kisingizio kuwa amekwisha kufundwa anaudhulumu unyago na anamdhulumu binti.

Yuko atakayetuuliza: je, Bi Kidude hakuutoa unyago hadharani? Marehemu Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwezi wa Aprili mwaka 2013, alipiga ngoma ya unyago mbele ya watazamaji wa nchi nyingi, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX kwa mchango wake katika muziki. Hilo ni kweli, na tunajivunia. Lakini yeye alikuwa kungwi, na alijua mwenyewe ni lipi la kutoa na ni lipi la kubakisha. Tofauti iko hapo. Mwenye nyumba akikufungulia ukumbi amekukaribisha. Mpita njia akiuza tikiti za kuingia chumbani kwake, huo ni wizi.

Kwa hiyo tunawaomba maofisa wa utamaduni na wa utalii wasitoe kibali cha tamasha lolote linalotumia jina la unyago mpaka makungwi wa mahali hapo wamekubali, na malipo yawafikie wao. Karatasi zinazowatangaza mama zetu kuwa waabudu miungu zizuiwe. Wizara ya Afya iwaite makungwi na ikae nao, maana wao husikilizwa na wasichana wasiothubutu kumuuliza daktari. Na Nyaraka za Taifa pale Kilimani ziwape maofisa wanawake kazi ya kuandika yale ambayo wazee wataridhia yaandikwe, kabla wazee hao hawajatutoka.

Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alilikumbusha taifa kuwa utamaduni ndio roho yake. Roho haiuzwi kwa tikiti, wala haitolewi kwa makelele ya kipaza sauti. Leo msichana wetu ana simu mkononi, na ndani ya simu hiyo wamo walimu asiowajua, wanaomfundisha mambo ya mwili bila ya huruma na bila ya ndoa. Tukimfukuza kungwi mlangoni, hao ndio watakaobaki naye. Wazee walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi tunasema mama aachiwe amfunze mwanawe.