Makopo Situmi Tena



Nimepotea kidogo, zamu zilikuwa nyingi na boksi halijibebi lenyewe. Leo sina picha za theluji wala vituko vya kwenye basi. Nina neno moja tu, na najua litanirudia kupitia simu ya shangazi kabla wiki haijaisha: makopo ya chakula cha watoto situmi tena. Unga wa kopo situmi, vichupa vya karoti iliyosagwa situmi, na vile vifuko vya kufyonza vyenye picha ya tufaha ndiyo kabisaaa.

"Ameanza kuringa huyo." Haya. Nisikilizeni kwanza halafu mtukane.

Kila mtoto wa ukoo akifikisha miezi minne (hata sita haijafika!) napigiwa simu. Siulizwi baridi, siulizwi mgongo. Naulizwa, "Vipi kile chakula cha huko?" Cha huko! Kama vile karoti ya huko imesoma chuo kikuu. Kopo likifika halikai jikoni na vyombo vingine, linakaa sebuleni kwenye kabati la vioo, pembeni ya vikombe vya harusi, mgeni akiingia alione. Likiisha linawekwa sukari, maandishi yakitazama mlangoni. Na kwa kuwa ni moja na linatakiwa lifike mwezi mzima, basi unga unapimwa kwa kijiko cha chai na maji yanaongezwa. Mtoto anakunywa maji ya kopo. Jamani, hiyo ndiyo heshima?

Sasa niwaambie ya huku kwa Mfalme (zamani kwa Malkia, nimekaa mpaka wamepokezana). Huku mambo yamegeuka. Mama mwenye nafasi yake, mwenye jiko kubwa na likizo ndefu ya uzazi, ndiye anayechemsha boga, analiponda, analigandisha kwenye trei za barafu na kuwaonyesha wenzake. Ananunua na kitabu cha kumfundisha kumpa mtoto kiazi laini akishike mwenyewe. Kitabu cha Gill Rapley na mwenzake kilipotoka mwaka 2008 watu walishangilia kama vile limegunduliwa jambo jipya. Bibi yangu alifanya hivyo hivyo kwa watoto tisa na hakumwandikia mtu kitabu. Wanaoishi kwa vifuko ni sisi wa zamu mbili, tunaotoka kazini duka limebaki dakika kumi kufungwa. Hata mimi ninavyo mkobani, kimoja au viwili, kwa safari na kwa siku treni ikigoma, na sioni aibu. Ila sijawahi kumwambia mtu kwamba ndicho chakula bora. Kile mnachokionea fahari kabatini, huku ni chakula cha mtu aliyechoka.

(Hao wa boga la barafu wanaomtazama mwenzao vibaya dukani nao wana yao. Nitawaandikia siku nyingine.)

Mnadhani natunga? Aprili 2025 kipindi cha Panorama cha BBC kilipeleka maabara vifuko 18 vya kampuni kubwa za hapa. Vingi vilikutwa na chuma kidogo mno, kimoja vitamini C karibu hakuna, na vya matunda sukari tele. Nao ukisoma ubavuni wanakwambia hakuna sukari iliyoongezwa. Ni kweli haikuongezwa! Tunda likishasagwa na kupikwa mpaka likawa kama gundi, sukari yake inakuwa imeachiliwa, inamwagika kwenye meno ya mtoto anayefyonza. NHS wanasema vifuko visiwe chakula cha kila siku, na mtoto alishwe kwa kijiko.

Tuje kwenye unga wa kopo. Aprili 2024 shirika la Public Eye la Uswisi pamoja na IBFAN walitoa ripoti. Walichukua Cerelac ya ngano ya mtoto wa miezi sita. Ile inayouzwa Ujerumani na Uingereza haikuwa na sukari iliyoongezwa. Ile ya Ethiopia ilikuwa na zaidi ya gramu 5 kwa mlo mmoja, ya Thailand gramu 6. Kampuni moja, jina moja, mtoto wa umri mmoja! Nestlé walijibu kwamba wanafuata sheria za kila nchi na kwamba wamekuwa wakipunguza sukari. Ina maana sheria zetu ndizo zinazowaruhusu. Hilo nalo tulitafakari wenyewe, tusiwasubiri Waswisi.

Najua wifi yangu hapo ameshapiga makofi: "Si ndiyo maana twataka ya huko!" Wifi, subiri. Kopo la huku likiisha, mtoto ameshazoea, utakwenda wapi? Utanunua lile la dukani hapo kwenu, na mwezi ule mshahara ukichelewa utalichanganya na maji mengi zaidi. Halafu piga hesabu. Bei ya kopo, ongeza nauli ya kila kilo ninayolipia kusafirisha, hiyo ni trei nzima ya mayai hapo Mafinga na chenji inabaki. Mayai 30. Mtoto anakula nusu yai kila siku miezi miwili.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika, kwa sababu hili linaniuma kuliko sukari zote za Ulaya. Mkoa wetu wa Iringa unalisha watu. Mahindi yetu, viazi vyetu, maharage yetu yanapanda malori usiku na mchana. Lakini takwimu za afya za Taifa za mwaka 2022 zinasema kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa, karibu 57 wamedumaa. Nchi nzima ni 30. Iringa ndiyo ya kwanza, Njombe inafuata kwa 50 na ushee. Wenye ghala lililojaa ndio wenye watoto wafupi, na ufupi ni sehemu inayoonekana tu. Hasara nyingine iko kichwani, darasani, na haifutiki baadaye kwa kopo lolote.

Je, hao 57 wamekosa kopo? Walikosa yai, walikosa dagaa, walikosa maharage yaliyopondwa, walikosa mtu wa kuwalisha mara ya tatu. Walipata uji. Uji wa mahindi matupu, uliokobolewa mweupe, mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo, asubuhi na jioni. Tumbo la mtoto wa kilo nane linachukua kama robo lita basi. Ukilijaza maji ameshiba, analala, unasema ana afya. Hapo niwe mkweli: uji wa namna hiyo ukiuweka mbele ya unga wa kopo, kopo linaushinda, maana angalau lina chuma kilichoongezwa. Kwa hiyo anayenijibu "basi cha nyumbani ndiyo bora siku zote" nimemkataa naye. Cha nyumbani kipi?

Wazee wetu walikuwa na dawa ya uji mwepesi, inaitwa kimea. Unapika uji mzito unaosimama, unauacha upoe kidogo, unatia kijiko cha unga wa ulezi uliooteshwa, unakoroga, na mbele ya macho yako unalainika bila kuongeza tone la maji. Unaurudisha motoni uchemke kidogo. Mtoto anapata chakula kingi ndani ya kikombe kile kile. Taasisi ya Chakula na Lishe ilifanya utafiti wa kimea hicho miaka ya 1980, hapo hapo Iringa, wakati ule wa mpango wa lishe wa UNICEF na WHO ulioanza 1983 katika vijiji 168. Leo kimea kipo? Kipo! Nenda kwa mama muuza komoni, utakikuta kwenye gunia. Baba anakipata kila jioni. Mtoto hakipati.

Na wale wa unga wa lishe wa nafaka saba, msifurahi sana. Mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya, karanga, vyote mfuko mmoja, unakaa miezi mitatu kwenye ndoo. Karanga moja mbovu inatosha kuharibu yote. Mnakumbuka mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu ya mahindi yao wenyewe, si ya dukani. Kukaanga hakuiondoi hiyo sumu. Changua kwa mikono, tupa yenye ukungu, karanga saga kidogo kidogo ya wiki moja, weka mbali na unga.

Hata Wamarekani wamelijifunza hili. Mwaka 2021 kamati ya Bunge lao ilipiga kelele kuhusu risasi na aseniki kwenye vyakula vya watoto vya kampuni, kina mama wakakimbilia jikoni. Mwaka 2022 shirika la Healthy Babies Bright Futures likapima vya dukani na vya nyumbani: 94 kwa 100 pande zote mbili vilikuwa na chembe za metali hizo. Mchele ni mchele, usagwe kiwandani au kwako. Usimlishe mtoto kitu kimoja kila siku, ndiyo tiba waliyoipata.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 nimeusoma. Wanataka nyama, samaki au yai kila siku, mboga na matunda kila siku, maharage na jamii yake mara kwa mara, sukari waachane nayo, na ziwa liendelee. Hivyo vyote viko sokoni Mafinga. Kinachokosekana ni saa. Msimu wa kupalilia mama anatoka alfajiri na mtoto mgongoni, anarudi jua limezama, kuni hazijakatwa, maji hayajachotwa. Huyo unamwambia alishe mara nne, tena aponde dagaa? Na wewe shemeji, uliyenipigia kudai kopo kwa sauti ya kuamrisha, siku hiyo ulikuwa wapi? Nasikia kilabuni.

Kwa hiyo pesa ya kopo nitaituma kwa simu, kwa jina la mama mtoto, ya mayai na dagaa, na ya kumlipa binti wa jirani abaki na mtoto mchana wakati wa kupalilia. Baba akitaka kujua ni kiasi gani, amuulize mkewe.

Haya, tukaneni sasa.