Mahram si Mtu wa Kutangulia na Simu: Safari za Mapacha na Mizigo Yao



Leo hatuna mapishi wala udi. Leo tuna ugomvi. Kila Idi ikikaribia, na kila harusi ikitangazwa Unguja au Pemba, simu zinaanza kulia Mbagala, Tandika, Magomeni na Tegeta, kwetu sisi tunaoishi Dar es Salaam na kwetu ni visiwani: "Mnakuja lini? Walete watoto tuwaone." Na mwanamke mwenye Hasani na Huseni wa miezi mitano, au Kulwa na Doto wa mwaka mmoja, anaanza kupanga safari peke yake. Bwana ana kazi. Bwana atakuja siku ya harusi yenyewe, na boti ya asubuhi, kanzu yake imeshapigwa pasi. Mama atangulie yeye, na watoto wawili, na mabegi matatu, na kigari, na zawadi ya bibi harusi juu yake. Tunasema hapana.

Tuanze na ndege, maana ndiko wengi wetu tunakokimbilia tukidhani dakika ishirini angani kati ya Dar na Unguja haziwezi kumshinda mtu. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hukaa mapajani mwa mtu mzima, na mashirika mengi humtoza sehemu ndogo tu ya nauli, aghalabu asilimia 10 kwa safari za nje. Miaka miwili, ndiyo ile ile ya kunyonyesha iliyotajwa katika Suratul Baqara. Wenye ndege hawakukaa na masheikh, lakini wamekutana njiani. Sasa sikilizeni hili: mtu mzima mmoja, mtoto wa mapajani mmoja. Mama wa mapacha akiwa peke yake, ama amnunulie mtoto wa pili kiti chake na aje na kiti maalumu cha mtoto kinachokubaliwa na shirika hilo, ama aje na mtu mzima mwingine, ama abaki.

Tumewaona wenzetu wakigeuzwa kaunta. Tiketi imelipwa, majina ya watoto wote wawili yamo, tena yaliandikwa na ofisi iliyouza tiketi yenyewe, kisha binti wa kaunta anatazama huku na huku na kuuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Mwenzako yuko kazini! Mama aliyetoka Chamazi alfajiri anarudi Chamazi na mabegi yake.

Wengi hapo huilaumu sheria. Sisi hatuilaumu. Mikono haimshiki mtoto ndege ikitikisika ghafla, hata uwe na nguvu za mpagazi wa bandarini. Na usimfunge mtoto ndani ya mkanda wako mwenyewe, maana uzito wako ndio utakaomponda. Katika safu ya viti vya ndege kubwa, vifuniko vya hewa ya oksijeni vinavyoshuka kutoka juu kwa kawaida huzidi viti kwa kimoja tu, ndiyo maana hata mkiwa wawili, wewe na bwana, mnaweza kuambiwa mkae safu mbalimbali kila mmoja na mtoto wake. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United, safari namba 232, ilianguka Sioux City, Marekani, ikiwa na watoto wanne wa mapajani. Kiongozi wa wahudumu, Jan Brown, aliwaagiza wazazi wawalaze watoto sakafuni na kuwashika hapo, kwa sababu ndivyo utaratibu wa wakati ule ulivyotaka. Mmoja wa wale wanne alifariki. Bibi huyo alitumia miaka mingi baada ya hapo kudai kila mtoto awe na kiti chake. Mamlaka ya anga ya Marekani mpaka leo inashauri hivyo hivyo bila kulazimisha. Kwa hiyo mhudumu anapokwambia watoto wawili hawakai mapaja mamoja, si roho mbaya.

Lawama yetu kwa wenye ndege na mawakala ni nyingine: mbona hawasemi mapema, na kwa Kiswahili? Mtu anayeuza tiketi za Zanzibar mjini Dar es Salaam anajua wateja wake ni kina nani. Swali moja tu wakati wa kulipa, "Watoto wachanga ni wangapi, na watu wazima ni wangapi?", lingeokoa nauli ya teksi kutoka Tegeta. Na Tegeta si mchezo: Barabara ya Bagamoyo hadi Mwenge, Sam Nujoma hadi Ubungo, Mandela hadi TAZARA, kisha Barabara ya Nyerere mpaka uwanjani, mtoto mmoja analia na mwingine anamjibu. Hiyo safari ya nchi kavu huwa ndefu kuliko ya angani mara tatu na zaidi, na haihesabiki popote kwenye tiketi.

Na boti je? Boti za mwendo kasi huchukua kama saa mbili, hazimuulizi mama ana mapaja mangapi, na wengi hupenda hivyo. Sisi hatupendi. Wakati wa kusi bahari inachafuka, na mama anayetapika hawezi kushika watoto wawili. Hatujasahau Spice Islander Septemba 2011 kwenye mkondo wa Nungwi, wala Skagit Julai 2012, iliyotoka bandari hii hii ya Dar es Salaam na kuzama karibu na Chumbe. Mkipanda, swali la kwanza ni jaketi la kuokolea la ukubwa wa mtoto liko wapi, na yako mawili? Anayeona haya kuuliza akumbuke kwamba atakuwa na mikono miwili tu na mwenyewe anatakiwa aogelee.

Sasa tuje kwa wanaume zetu. Wapo wanaoijua hadithi ya mahram kwa moyo. Mke akitaka kwenda semina Morogoro, hadithi inatoka. Akitaka kwenda kumuona shoga yake Mombasa, inatoka tena, na sanadi yake. Lakini akitakiwa kupeleka mapacha kwa mama mkwe Wete, hadithi inakuwa na likizo, mara huyu mwanamke anaweza peke yake, ni jasiri, mashaallah! Basi tuwakumbushe ile nusu wanayoiruka. Imo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Abbas: baada ya Mtume (s.a.w.) kusema mwanamke asisafiri ila na mahram, mtu mmoja alisimama akaeleza kwamba mkewe ametoka kwenda hija na yeye ameshaandikwa jina katika msafara wa vita. Akaamrishwa aende akahiji na mkewe. Msafara wa vita, jamani. Wewe una zamu ya dukani Kariakoo.

Tena kuna anayekuja, lakini anakuja kama mgeni rasmi. Anatangulia na simu sikioni, pasi zote ziko mkononi mwake, na nyuma yake anafuata mwanamke aliyebeba mmoja kifuani, mmoja mgongoni, begi la maziwa begani, na baibui linamkanyaga. Mtu wa namna hiyo kaunta wanamhesabu, lakini sisi hatumhesabu. Mtume (s.a.w.) alisali huku amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab, akimweka chini anaposujudu na kumbeba tena anaposimama. Hiyo nayo imo katika Bukhari na Muslim. Kama ndani ya sala mtoto alibebwa, kwenye foleni ya ukaguzi kuna udhuru gani? Na mama huyu naye ana sala yake. Msafiri amepunguziwa rakaa na ameruhusiwa kukusanya, lakini hata rakaa mbili zinataka mtu wa kumshikia watoto.

Mashangazi zetu hapa huingia na neno lao: "Sisi tulivuka na mapacha kwa jahazi, hatukulalamika." Ni kweli mlivuka, shangazi, na tunawaheshimu. Lakini mlivuka na bibi, na wifi, na jirani anayekwenda mazikoni, na mtoto wa kaka wa kubeba chano. Hakuna hata mmoja wenu aliyeachwa bandarini peke yake na watoto wawili na mizigo minne. Mnatusimulia safari ya watu saba na kutaka tuifanye sisi peke yetu.

Haya, mizigo. Hapa tutasema na wenzetu wenyewe, maana mizigo mingine tunajitafutia. Kigari cha pacha cha viti viwili ubavu kwa ubavu, kilichonunuliwa Kariakoo kwa hela ya mchezo, kinapendeza sana kwenye picha. Hakipiti mlango wa daladala. Hakikai kwenye bajaji. Kwenye mchanga wa Mbagala kinazama, kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe kinakwama, na mashirika mengi yanayokubali kukipokea bure hukipokea kimoja na kukirudisha pamoja na mabegi mengine, baada ya wewe kutembea umbali wote ukiwa na watoto mikononi. Ndege ndogo za Cessna Caravan aghalabu zinataka begi laini lisilozidi kilo 15. Kigari peke yake kimeshakula zaidi ya nusu.

Kanga, mashoga. Kanga huuzwa doti, mbili mbili, kama zilijua. Moja mbeleko ya mama, moja mbeleko ya baba. Hiyo hiyo unajifunika ukinyonyesha, unatandika ukisalia, unamlaza mtoto juu ya benchi la uwanja. Kwenye kupaa na kutua mhudumu atakwambia umtoe mtoto kwenye mbeleko umpakate, mtii. Mnyonyeshe au umpe kitu cha kumung'unya ndege inapopanda na zaidi inaposhuka, masikio yake yapone, na yule mwingine baba yake awe na kikombe na kijiko tayari. Pampasi hesabuni hivi: moja kila saa tatu kwa kila mtoto, kisha zidisha mara mbili, kwa sababu ndege huchelewa. Safari ya saa sita mlango kwa mlango ni nane. Mifuko ya rambo msifikirie, Bara imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na Zanzibar ilitangulia zamani. Foronya ya zamani inatosha kwa nguo zilizochafuka. Maziwa ya mtoto kwa kawaida hayabanwi na ile sheria ya mililita 100 ya safari za nje, ila yatoeni wenyewe muwaonyeshe wakaguzi kabla hawajawauliza. Zaidi ya hapo, nguo tatu tatu. Kwa bibi yao kuna sabuni na kuna jua.

Vyeti vya kuzaliwa msiache, vya RITA kwa waliozaliwa huku, vya ZCSRA kwa waliozaliwa Visiwani, ili umri usibishaniwe. Na kwa wale mnaofuata waume zenu Maskati au Dubai kupitia Jengo la Tatu, kila mtoto ana pasipoti yake, shilingi 150,000 moja, kwa hiyo pacha ni 300,000 kabla hujagusa tiketi. Hiyo ni hela ya baba, iingizwe kwenye matumizi mapema, isije kuonekana ni israfu ya mama.

Kuna watakaosema suluhisho ni mama mwenye mapacha akae nyumbani mpaka wakue. Miaka miwili asimuone mama yake mzazi aliye Pemba? Asihudhurie maziko? Kuunga udugu kumewajibishwa wote, hakukusamehewa waliojaaliwa wawili kwa mara moja. Na wengine watalalamika nauli ya mtu wa pili ni ghali. Ni ghali kweli. Basi familia inayomtaka mama harusini ichangie tiketi hiyo kama inavyochangia ukumbi na mpambaji. Kama hakuna hela ya tiketi ya wifi wa kumsindikiza, hakuna haki ya kununa akikosekana kwenye picha.

Nyinyi mabibi harusi mnaotusoma huku mnachagua rangi ya hina, mazungumzo haya yafanyeni kabla ya nikahi, si baada ya arobaini. Muulizeni mchumba, mbele ya wali wenu mkitaka, watoto wakija wawili nani anabeba wa pili. Akicheka, muulizeni tena. Kwenye kicheni pati hatutaki chupa ya chai ya tano, mwambieni kamati ilete madoti ya kanga nzito. Na siku ya safari, mfungieni baba watoto mbeleko nyumbani kwake Tandika, mbele ya vijana wa kijiweni, mmoja wa watoto kifuani pake, begi la pampasi begani, vyeti vyote viwili mfukoni mwa kanzu. Vijana watacheka mpaka kona ya msikiti. Teksi ikifika, yeye apande kwanza, apokee na wa pili, nanyi mfunge mlango wa nyumba kwa mikono mitupu.