Kabla ya kumnoa mchezaji macho, mpimeni kwanza

Kwa muda mfupi uliopita wazazi watatu wameniuliza swali moja, na mmoja wao alipanda matatu kutoka Ukunda hadi huku Taru kwa ajili hiyo tu. Je, ni kweli kwamba kuna mazoezi ya macho yanayomfanya kijana kuwa mchezaji hodari? Wameyaona kwenye simu. Kuna miwani inayozima na kuwaka ili mchezaji auone mpira kwa vipande vipande, kuna ubao wa taa za kugusa, na kuna kamba yenye shanga za rangi za kukodolea macho. Mzazi mmoja alikuwa tayari kuuza mbuzi.

Mimi nasema mbuzi na abaki zizini kwanza.

Kuona uwanjani ni kazi mbili. Ya kwanza ni ya jicho lenyewe, nayo ni kupokea mwanga na kutoa picha safi. Ya pili ni ya ubongo, yaani kujua pa kutazama, wakati wa kutazama, na maana ya kile kilichoonekana. Vifaa vingi vinavyouzwa hudai kuinoa ile ya kwanza kwa mtu ambaye macho yake tayari ni mazima, na hapo ndipo ninapotia shaka. Mwaka 2001 watafiti Bruce Abernethy na Joanne Wood wa Australia walijaribu programu mbili za namna hiyo. Waliofanya mazoezi hayo hawakuwapita wenzao ambao hawakuyafanya. Utafiti wa baadaye kuhusu miwani ya kuzima na kuwaka umetoa majibu yanayogongana, na hauniridhishi kiasi cha kumwambia mzazi atoe pesa.

Kazi ya pili hufundishika, na hufundishika bila kifaa. Chukua penalti. Mpira hupigwa kutoka mita 11, na ukipigwa kwa nguvu hufika langoni kwa takriban nusu sekunde. Kipa anayengoja aone mpira unakoelekea amekwisha kuchelewa. Mwaka 2002 Geert Savelsbergh wa Uholanzi na wenzake walifuatilia macho ya makipa, wakakuta kwamba stadi hutazama zaidi miguu ya mpigaji, ilhali wageni wa kazi hiyo hutangatanga kiwiliwilini. Joan Vickers, wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada, alionyesha kwamba mchezaji bora wa mpira wa kikapu hulituliza jicho lake kwenye ringi mapema, na kwa muda mrefu zaidi, kabla ya kurusha. Naye Geir Jordet wa Norwei aliwachunguza viungo wa ligi ya Uingereza, akaona kwamba wanaogeuza shingo mara nyingi kabla ya kupokea mpira ndio wanaofikisha pasi zaidi.

Zoezi la hilo la mwisho halina gharama. Kocha asimame nyuma ya mchezaji na kunyoosha vidole. Mpira ukiwa njiani, mchezaji ageuke, ataje idadi ya vidole, kisha apokee. Jioni chache za zoezi hili kwenye vumbi la Taru nazithamini kuliko kamba ya shanga.

Lakini yote hayo ni bure kwa kijana asiyeona. Hili ndilo linaloniudhi zaidi, nami sitalipunguza makali. Kuna vijana wanaoachwa nje ya timu kwa sababu krosi za juu huwapita, au kwa sababu mchezo wao hufifia jua linapotua. Kocha husema ni wazembe. Nyumbani husemwa wamepigwa jicho. Ni jicho kweli, ila ni la kijana mwenyewe: haoni mbali, na hajui kwamba haoni, kwa kuwa hajapata kuona vingine. Tatizo hilo la kutoona mbali haliondoki kwa kuzungusha macho wala kwa kukodolea shanga. Dawa yake ni miwani au lensi.

Wengine macho yao huwasha na kuwa mekundu kwa mzio, na vumbi letu huzidisha. Hawa hukimbilia duka la dawa kununua matone. Matone yenye steroidi hutuliza haraka, ndiyo maana hupendwa, lakini yakitumiwa kwa miezi bila daktari yanaweza kupandisha presha ya macho na kuharibu neva ya kuonea. Neva hiyo ikifa hairudi. Yule kiungo wa Uholanzi, Edgar Davids, aliugua presha ya macho, akafanyiwa upasuaji mwaka 1999, na akaendelea kucheza akivaa miwani maalumu ya kujikinga.

Namtaja pia kwa wazazi wanaoniambia kwamba mwenye miwani hachezi mpira. Anacheza. Sheria za soka zinaruhusu miwani ya michezo isiyo na hatari. Inayofaa ni ya plastiki ngumu isiyovunjika, iliyofungwa kwa mkanda nyuma ya kichwa, si ile ya kioo ya kusomea.

Ukitaka dalili ya haraka, mpeleke mwanao barabarani, mahali salama pa malori yaliyoegeshwa. Azibe jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, asome namba ya lori kutoka mita 20, kisha azibe la pili. Uingereza humtaka dereva asome namba kutoka umbali huohuo, kwa macho yote mawili. Akishindwa kwa jicho lolote, mpeleke kupimwa. Akifaulu bado hajapimwa, na kama ana dalili nilizozitaja mpeleke vilevile. Huku kwetu kuna Kituo cha Macho cha Kwale, upande wa Diani, na hospitali kubwa za serikali nazo huwa na kliniki ya macho.

Kwa walimu wa michezo nina ombi. Ubao wa herufi wa kupimia macho ni karatasi ya kubandika ukutani, na kinachohitajika ni mita 6 za nafasi pamoja na mwanga mzuri. Kikosi kizima humalizika asubuhi moja. Fanyeni hivyo kabla ya kuchagua timu, si baada ya kumwacha mtu.