Lapi Yako Hailali? Cheki Vizuri Inamfanyia Nani Kazi Usiku

Enzi za modemu ya kuchomeka pembeni ya lapi, umaskini wa bando ulikuwa unatulinda na hatukujua. Ulikuwa unafungua meseji zako mbio mbio, unachomoa, kabla Windows ianze kujishushia vitu vyake ikumalizie MB. Siku hizi faiba imefika hadi kwa plot za Pipeline na Rongai, mtu analipia mwezi mzima, na kompyuta inawaka Jumatatu hadi Jumatatu. Movie inashuka ukiwa umelala. Raha tupu.

Shida ni kwamba kuna wasee ambao kazi yao ni kuzunguka intaneti wakijaribu milango. Hawakujui, na hawana haja na jina lako. Wana programu zinazobisha anwani moja baada ya nyingine, usiku na mchana, na kifaa kilichoachwa wazi hupatikana ndani ya dakika chache tu. Kwa hivyo ile stori ya "mimi ni msoto, wataniibia nini?" ifutwe kabisa. Hata kama huna doo, una kompyuta na una laini ya faiba. Hizo ndizo wanataka.

Mnakumbuka WannaCry? Tarehe 12 Mei 2017, kirusi hicho kilifunga mafaili kwa kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi karibu 150, kila mwenye mashine akiambiwa atoe dola 300 za Bitcoin. Hospitali za Uingereza zilifuta miadi ya wagonjwa kama 19,000. Cha kushangaza, hakikuhitaji mtu abonyeze link yoyote. Kilikuwa kinaruka chenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine, bora tu iwe imewashwa, iko kwa mtandao na haijapata apdeti. Na dawa yake Microsoft ilikuwa imeitoa Machi, miezi miwili kabla!

Sasa rudi hapa kwetu. Lapi nyingi tunazonunua tao ni ex-UK, na nyingi zinakuja na Windows 10. Microsoft iliacha kuipa apdeti za bure za usalama tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa ujiandikishe kwa mpango wa kuongezewa muda hadi Oktoba 2026. Ongeza hapo Windows ya kuchorewa na fundi kwa soo tatu, ambayo apdeti zimezimwa makusudi ndiyo isigunduliwe. Mashine kama hiyo ukiiacha mtandaoni usiku kucha, kila shimo jipya likipatikana, kwako halizibwi.

Kuna watakaosema rauta inawakinga. Ni ukweli nusu. Rauta ni kama soja wa gate: anayebisha kutoka nje bila kualikwa anazuiwa. Lakini soja mwenyewe akiwa bado anatumia paswadi ya kiwandani, ile ya admin na admin, basi yeye ndiye wa kwanza kununuliwa. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka maelfu ya rauta na kamera za nyumbani kwa kujaribu paswadi za aina hiyo tu. Oktoba 21 mwaka huo jeshi hilo la vifaa vya watu wa kawaida liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na Twitter na Netflix zikapotea hewani kwa watu wengi kwa masaa kadhaa.

Na soja halindi kilicho ndani. Kwa plot niliyokuwa naishi tulichanga bili ya waifai nyumba nne, paswadi moja. Mmoja wetu alikuwa anashusha gemu za wizi kila siku. Kirusi cha aina ya WannaCry kikiingia kwake, sisi watatu tuko ndani ya boma moja naye. Sikuwahi kuliwazia hilo hadi nilipohama.

Halafu kuna ile TV boksi ya bei rahisi yenye "chaneli zote bure". Juni 2025 FBI walionya kuhusu BADBOX 2.0, programu chafu inayopatikana ndani ya boksi kama hizo, zingine zikiwa nayo hata kabla hujazinunua. Mwezi uliofuata Google walienda kortini wakisema vifaa zaidi ya milioni 10 vimeambukizwa. Boksi inaonyesha mpira freshi kabisa, kumbe inakodisha laini yako kwa watu wa ulaghai. Mtu akiiba pesa kupitia hapo, anwani inayoonekana ni ya keja yako. Makachero wakifuata hiyo njia, mlango watakaogonga kwanza ni wako. Utajieleza, sawa, lakini lapi itabaki nao kama ushahidi, na kama unakula kwa kazi za mtandaoni, huo mwezi umekwisha.

Kuzima mashine usiku kunasaidia kiasi. Yenye imeshaingiliwa ukiiwasha inaendelea ilipoachia, na rauta na boksi hazizimwi hata hivyo. Kwa hivyo badilisha paswadi ya rauta leo, si ya waifai pekee bali ile ya kuingilia settings. Ruhusu apdeti. Gmail na akaunti za kazi zitoe kabla ya kulala, kwa sababu kuna virusi vinavyoiba ule uthibitisho kwamba tayari umeingia, na hapo mwizi haombwi paswadi wala kodi ya simu.

Boksi ya TV nayo, ile yangu niliichomoa mwezi jana. Mpira naenda kucheki kwa jirani.