Mbwa wa Kuwinda Hatumwi na Njaa

Waulize wawindaji kuanzia Makobola hadi Kiliba, watakujibu kwa sauti moja: mbwa wa kuwinda akishiba, analala. Ndiyo maana mvulana anayepanda milima ya nyuma ya Uvira, mji wetu wa kando ya Ziwa Tanganyika, alfajiri, panga mkononi, hutanguliwa na mbwa ambao mbavu zao unaweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya bonde. Na hali hiyo inasifiwa! Mbwa mwepesi, wanasema. Mimi nauita ubahili uliovishwa koti la hekima.

Kinachomkimbiza mbwa si tumbo. Mtazame mbwa wa mjini anayeshinda akilamba masahani ya mgahawa: pikipiki ya taximan ikipita, ataifukuza mpaka mwisho wa avenu, na pikipiki hailiwi. Hamu ya kukimbiza amezaliwa nayo. Njaa haimwongezei hamu hiyo, inamnyang'anya tu nguvu za kuitimiza.

Na nguvu zinatakiwa. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari; milima iliyo nyuma ya mji inapita mita 2,000, na huko usiku baridi inagonganisha meno. Msimu wa mvua, mbwa asiye na mafuta mwilini analowa, anatetemeka, anaanza kubaki nyuma. Mvulana anadhani ni uvivu, anamchapa. Kule Alaska, mbwa wanaokokota magari ya thelujini katika mashindano ya Iditarod, mwendo wa kilomita zipatazo 1,600, hulishwa karibu kalori 10,000 kwa siku, mara nne ya chakula cha mtu mzima. Sijasikia anayewaita wavivu. Wetu tunawatupia maganda mabichi ya muhogo mchungu, yenye sumu ya sianidi, kisha mbwa akifa tunamtafuta mchawi.

Hasara yenyewe huonekana pale ndezi anapokamatwa. (Nazungumzia ndezi wa mashambani na wa miwa ya Kiliba, si wanyama wa hifadhi ya Itombwe iliyoanzishwa mwaka 2006, huko mbwa wa kuwinda hana kazi.) Mbwa wetu wa asili habweki sana, kwa hiyo huvishwa kengele shingoni. Mvulana anaifuata sauti yake akihema, anafika, anakuta manyoya na mkia. Mwenye njaa hakumngojea. Akipigwa, safari nyingine atakwenda kumla ndezi mbali zaidi, kichakani. Siku isiyo na ndezi atamwingilia mbuzi wa jirani, na kesi itafika kwa chifu. Mbuzi mmoja wa kulipa ni bugali wa miezi mingapi? Au atazurura majalalani akigombana na mbwa wasio na mwenyewe, arudi na kichaa. Asilimia 99 ya watu wanaopata ugonjwa huo duniani huambukizwa na mbwa, na dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona.

Imani hii ina chembe ya ukweli, sikatai. Mbwa aliyejazwa chakula muda mfupi kabla ya kukimbia huwa mzito, na tumbo lake linaweza hata kujisokota likamuua. Basi asilishwe alfajiri, alishwe jioni! Kutoka hapo hadi kumshindisha na njaa wiki nzima ni mbali sana.

Mtu ataniuliza: mvulana mwenyewe anakula mara moja kwa siku, wewe unamtetea mbwa? Najua. Tangu mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobomoa nyumba za watu, kuna jikoni nyingi Uvira ambako unga hupimwa kwa kikombe. Sidai nyama inayoliwa na watu. Nadai utumbo na mapafu ya windo, mbwa apewe palepale. Nadai vichwa vya samaki mikeke na ukoko wa sufuria. Mara nyingi si mvulana anayekataa kutoa hivyo, ni mkubwa anayengojea nyama nyumbani. Huyo anayesema mbwa akishiba atalala, ndiye huyohuyo anayemtuma mtoto mlimani bila uji, eti akishiba atachelewa.