Paspoti ya Italia: wa damu na wa jasho

Wadau, stori za paspoti ya Italia zimejaa vijiweni. Dalali anamwambia kijana, "we fika tu, makaratasi yatajipa yenyewe." Jamani, hayajipi!

Utamu upo, tusidanganyane. Ukiwa raia wa Italia unaishi na kufanya kazi nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya, leo Roma kesho Berlin. Unapiga kura, na ile foleni ya polisi ya kuomba kibali cha kuishi unaisahau. Lakini angalia mlango umewekwa wapi.

Sheria yao namba 91 ya mwaka 1992 inapenda damu. Kwa miaka mingi mtu wa Buenos Aires, hata kuomba maji kwa Kiitaliano hajui, aliweza kudai uraia kwa sababu baba wa babu yake alitoka Italia. Wakati huohuo mtoto wa Msenegali aliyezaliwa Brescia, akasoma hapohapo, anasubiri afikishe miaka 18. Tena awe ameishi huko kihalali bila kukatika tangu azaliwe, na akifika 18 ana mwaka 1 tu wa kwenda kutamka kwamba anautaka. Mimi hapo ndipo nashindwa kuelewa hawa jamaa.

Mwaka 2025 wakaamka. Mwezi Machi serikali ikabana njia ya damu, na Mei ikawa sheria: kwa waliozaliwa nje, kwa kawaida sasa ni mpaka mzazi au babu na bibi, basi. Ila upande wa jasho haukulegezwa. Tarehe 8 na 9 Juni ilipigwa kura ya maoni kupunguza miaka ya ukaazi kutoka 10 kuwa 5. Wengi wa waliopiga walisema ndiyo, lakini waliojitokeza walikuwa kama asilimia 30 na ilitakiwa zaidi ya nusu. Ikafa.

Kwa hiyo wewe mbeba boksi hesabu yako ni hii: miaka 10 ya ukaazi halali ulioandikishwa manispaa bila kukatika, kipato cha miaka 3 kinachoonekana kodi, Kiitaliano cha ngazi ya B1, ada ya euro 250. Halafu jibu linaweza kuchukua mpaka miaka 3. Mkimbizi ni miaka 5. Ukioa au kuolewa na Mwitalia ni miaka 2 mkiishi huko, 3 mkiishi nje, na mkiwa na mtoto inakatwa nusu. Kuishi bila makaratasi hakuhesabiwi hata siku moja.

Na kingine ambacho dalali hakisemi: Italia haikulazimishi kuacha uraia wako, Kenya nayo inaruhusu uraia pacha tangu katiba ya 2010. Mbongo mwenzangu, sheria yetu ya uraia ya 1995 inakufuta ukichukua wa wenzio. Unakuja kwenu Tandika kusalimia mama, unaingia na paspoti ya mgeni.