Turbo kwenye Hiace ya zamani: mwenye gari anasifiwa, abiria wanalipa

Wenye Hiace mnaofanya barabara ya Uvira–Bukavu, tuambizane ukweli. Gari yako ilitoka Japani na moteri 3L, sasa imechoka, unataka kubadilisha. Mbona unakimbilia 1KZ ya turbo, eti inapanda kama ndege?

Nguvu inayo. Lakini turbo inaongeza joto, na joto likizidi kichwa cha moteri kinapasuka. Wewe unaiachia radiyateri ileile yenye kutu, unapakia watu kupita viti, magunia juu, halafu unapanda Ngomo. Na breki? Hizo hakuna anayeziuliza.

Gari ikizima pale mlimani, wewe uko nyumbani. Anayeteremka usiku ni mama mhami, na watoto na godoro lake, na pesa ya safari hairudishwi.

Rudisha 3L, ama 5L ambayo ni ndugu yake. Ni za polepole, ndiyo, lakini mafundi wetu wanazijua. Na moteri ya Dubai usiinunue kwa sababu imeoshwa ikang'aa. Fungua kifuniko cha mafuta: ukikuta rangi ya kahawa ya maziwa, maji yameingia. Fundi apime kompresio ya silinda zote nne, zisipokaribiana, acha. Muuzaji akikataa kupimiwa, umekwisha pata jibu.

Nanyi abiria, kabla ya kutoa pesa muulizeni shofere ni moteri gani iko chini ya kiti chake, na radiyateri ilibadilishwa lini. Akicheka, ngojeni gari ingine.